Kuishi na Alfa Romeo 156 Malindi: Mwongozo Kamili wa Kuichagua, Kuitafutia Hitilafu na Kuitunza

Malindi ni mji ambao Kitaliano husikika sokoni, ufukoni na hata kwenye foleni ya benki, kwa sababu Wataliano walianza kuzoea pwani hii tangu miaka ya 1960 walipoweka kituo chao cha kurushia satelaiti kule Ngomeni; ni kutoka kwenye jukwaa lao la San Marco, lililosimama baharini, ndipo iliporushwa satelaiti iliyopewa jina la Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Mtu angedhani kwamba gari la Kitaliano lingekuwa nyumbani kabisa katika mji huu. Sivyo. Aiskrimu ya Kitaliano utaipata kabla hujavuka barabara, lakini filta ya oili ya Alfa Romeo utaiagiza Nairobi na kuingoja ishushwe kwenye basi.

Mimi nina Alfa Romeo 156 ya mwaka 2000, injini ya 2.0 Twin Spark, gia za mkono. Niliinunua miaka 4 iliyopita kwa mzee mmoja wa Watamu, kwa bei ambayo isingenipa hata Probox iliyochoka. Mwaka wa kwanza ilinisimamisha njiani mara 7, na shangazi yangu, ambaye alikuwa ameipanda mara mbili tu na mara zote mbili akarudi kwa tuktuk, aliamini kwamba gari lina jini na akashauri lifukizwe ubani. Ubani sikuukataa. Hata hivyo, katika mara hizo 7, mara 4 zilitokana na waya mmoja uliooza chini ya betri, mbili zilitokana na sensa moja, na moja ilikuwa ni kitufe ambacho sikujua kwamba kipo. Yote hayo yangegunduliwa kwa mita ya umeme ya bei ndogo na saa moja ya subira, na badala yake nilinunua betri mpya, nikatengenezesha stata nzima, na nikabadilisha pampu ya petroli iliyokuwa haina kosa lolote.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kununua gari hili, au ambaye tayari amelinunua na anakaribia kulikatia tamaa. Nimeupanga kwa utaratibu ambao ningependa kuufuata mimi mwenyewe lau ningeanza upya.

Hatua ya kwanza: kagua kabla moyo haujazama

Sharti hili ni gumu, kwa kuwa 156 imeumbwa ili kumpumbaza mnunuzi. Ilitoka mwaka 1997, ikiwa imechorwa chini ya uongozi wa Walter de Silva, na ikatawazwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1998. Vitasa vya milango ya nyuma vimefichwa pembeni mwa dirisha, kiasi kwamba watoto wa mtaani kwetu hubishana kama lina milango miwili au minne. Sahani ya namba ya mbele imesogezwa kando ili ile pua ya pembetatu ishuke hadi chini bila kuzuiwa, na katika nembo yake kuna msalaba mwekundu wa mji wa Milano pamoja na nyoka wa ukoo wa Visconti aliyemweka mtu mdomoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na gari hili hujiuza kweli. Taabu ni kwamba hujiuza mara nyingi, kila mwenyewe akiliuza tena muda mfupi kabla mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, haujafikia kubadilishwa.

Anza na karatasi. Namba ya chesisi ya Alfa Romeo huanza na herufi ZAR, na ya 156 hufuatiwa na tarakimu 932. Ukiona kitu kingine, simamisha mazungumzo. Toa nakala ya rekodi za gari katika huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kisha uilinganishe na logbuku (hati ya umiliki), namba ya injini na jina la anayekuuzia. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kila 156 utakayoiona imeishi hapa nchini kwa miaka mingi, na kwa hiyo swali la maana ni nani alilishughulikia hapa, lini, na risiti ziko wapi. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zichukue kama salamu tu.

Uliza pia gari lilitoka wapi kabla ya kuja Kenya. Yaliyotoka Uingereza mara nyingi yana gia za mkono. Miongoni mwa yaliyotoka Japani utakuta mengi ya Selespeed, yaani giaboksi ya kawaida inayobadilishiwa gia na pampu ya haidroliki pamoja na kompyuta. Kwa mkazi wa Malindi ushauri wangu kuhusu Selespeed ni mfupi: iache. Pampu yake ikichoka, kuitengeneza kunahitaji vifaa na programu ambavyo hutavipata kati ya Mtwapa na Mto Sabaki.

Kisha nenda ulitazame gari alfajiri, injini ikiwa baridi, na uguse boneti kabla ya kusalimiana sana. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika huenda anaficha shida ya kuwaka, au mlio wa kuwashia. Mlio huo ni mkwaruzo kama wa lori la dizeli unaosikika kwa sekunde chache tu injini inapowaka ikiwa baridi, kisha hunyamaza. Hutoka kwenye varieta, kifaa kilichofungwa mwishoni mwa kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, ya upande wa kuingizia hewa, ambacho huendeshwa kwa presha ya oili. Mlio wenyewe haumaanishi kwamba injini inakufa, bali ni hoja ya kupunguziwa bei, kwa sababu varieta hubadilishwa pamoja na mkanda na ndiyo gharama inayoumiza zaidi katika kazi hiyo.

Chomoa kijiti cha oili. Kikikutoka kikavu, rudi nyumbani, kwa sababu injini hii iliyowahi kukaushwa oili huanza kuharibu bearing za krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, na uharibifu huo hauonekani kwa macho hadi siku utakaposikia kugonga.

Hatua ya pili: mkanda wa taimingi, hata kama umeapiwa kwamba ni mpya

Kiwanda kiliposambaza gari hili kiliandika kwamba mkanda wa taimingi ungedumu kilomita 120,000. Mikanda ikakatika mapema, na muda ukashushwa hadi kilomita 60,000 au miaka 3, chochote kitakachotangulia. Wengi waliosoma kitabu cha zamani hawakuzisikia habari za pili. Katika injini hii, mkanda ukikatika, pistoni hukutana na valvu na kuzipinda, na bei ya kuitengeneza huzidi bei ya gari.

Kwa hiyo, usipopewa risiti inayoonyesha tarehe na kilomita, hesabu kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa. Kazi kamili inajumuisha mkanda wenyewe, roli za kuukazia, pampu ya maji, varieta ikiwa ina mlio, na kwa injini ya 2.0 mkanda wa pili mdogo unaozungusha shafti za mizani. Pampu ya maji chagua yenye mapanga ya chuma, kwa sababu zile za zamani zilikuwa na mapanga ya plastiki ambayo hupasuka au hulegea kwenye ekseli, na pampu hubaki ikizunguka bila kusukuma maji.

Hapa ndipo fundi mzuri huweza kuharibu gari kwa nia njema kabisa. Mafundi wetu wengi wamezoea injini za Toyota, ambazo puli zake zina alama, na pasipo alama wao hutia nukta nyeupe za rangi ya kufutia wino, kisha hurudisha mkanda kama ulivyokuwa. Puli za Twin Spark hazina alama. Injini hufungwa kwa vibao maalumu vinavyokalia kamshafti, na pistoni ya silinda ya kwanza hupimwa kwa saa inayoingizwa kwenye tundu la plagi hadi ifike kileleni. Anayetumia nukta nyeupe hurudisha makosa ya mkanda uliolegea pamoja na ya kwake mwenyewe. Gari litawaka, litatembea, lakini litakuwa zito na taa ya injini itabaki ikiwaka. Vibao hivyo niliviagiza mwenyewe kwa gharama ndogo kuliko filta mbili na oili yake, nikampelekea fundi wangu, na tangu hapo vinakaa kwangu kabatini vikiazimwa na watu watatu wengine wa hapa pwani wenye ugonjwa kama wangu.

Hatua ya tatu: waya wa athi, kabla ya kununua chochote

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya hatua hii peke yake. Hewa ya Malindi ina chumvi mwaka mzima, na msimu wa kusi, upepo unapotoka baharini kwa nguvu, hata msumari mpya kwenye mlango wa makuti hupata kutu kabla ya mwezi kwisha. Umeme wote wa stata, koili (zinazozipa plagi umeme) na kompyuta ya gari hutoka kwenye chanya ya betri na lazima urudi kwenye hasi, na katika 156 njia kuu ya kurudia, yaani waya wa athi, ni mshipi wa shaba unaounganisha giaboksi na bodi, ambao hupokea maji na mchanga wote unaorushwa na tairi.

Yangu ilianza hivi. Jumamosi moja nilikuwa nimeegesha karibu na soko, nikarudi na mfuko wa samaki, nikageuza ufunguo, nikasikia mlio mmoja tu, tak, kisha kimya, huku taa za dashibodi zikififia. Fundi wa kwanza alisema betri, nikanunua. Wiki mbili baadaye, tak. Fundi wa pili akashusha stata, akaifungua, akatia kaboni mpya. Siku 10 baadaye, tak, safari hii mbele ya lango la shule ninapofundisha, na wanafunzi wakanisukuma wakiimba.

Jioni hiyo alipita jirani yangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza mashine za boti na ambaye kwa hiyo anaijua chumvi kuliko sisi sote. Hakugusa spana. Aliweka mita kwenye volti 20 za DC, akashika ncha moja juu ya risasi ya nguzo hasi ya betri na ya pili kwenye chuma kitupu cha giaboksi, akaniambia nigeuze ufunguo. Mita ikapanda hadi volti 3.1.

“Betri yako haina kosa, mwalimu,” akasema. “Volti 3 zinapotelea njiani. Stata inapewa makombo.”

Tukatoa betri na sinia yake. Mshipi ule umesukwa kwa nyuzi nyembamba za shaba, mfano wa ukili, na kwa juu ulionekana mzima. Alipoupinda kwa vidole viwili ulikatika kama ukili uliokaa juani miaka 20, na vumbi la kijani likamwagika juu ya baraza.

Kipimo hicho kila mtu anaweza kukifanya, na ndicho cha kwanza unachopaswa kukifanya hata kama gari halina shida. Pima betri ikiwa imepumzika usiku kucha: iliyo nzima na yenye chaji husoma karibu volti 12.6. Pima tena injini ikiwaka: kati ya 13.8 na 14.4 altaneta ni nzima. Kisha pima kati ya nguzo hasi na injini wakati mwenzako anapiga stata, na baadaye kati ya nguzo hasi na bodi. Kipimo kikiwa chini ya volti 0.2 ni kizuri, na kikizidi 0.5 kuna mahali umeme unazuiwa. Hakikisha ncha zinagusa chuma kitupu, kwa sababu ukigusa rangi au kutu utapima kutu.

Dawa yake ni rahisi. Tengenezesha waya mnene wa shaba, wa aina inayotumiwa kwenye mashine za kuchomelea, ukiwa na vichwa vilivyobanwa vizuri pande zote mbili. Sugua mahali pa kufungia, kwenye giaboksi na kwenye bodi, hadi chuma king'are, funga, kaza, kisha paka grisi juu yake ili chumvi isifike. Grisi hupakwa baada ya kukaza. Ukiwa huko chini, zifungue na kuzisafisha soketi zote unazozifikia, moja baada ya nyingine, kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Baada ya kazi hiyo, ambayo ilinichukua asubuhi moja, taa ya breki za ABS iliyokuwa ikiwaka na kuzima bila sababu nayo ilizima na haijarudi.

Hatua ya nne: gari linapochemsha

Mshale wa joto wa 156 unapaswa kusimama karibu na 90. Jifunze unavyotembea, kwa kuwa kila mwendo wake unasema jambo tofauti.

Ukishuka unapokwenda kasi na kupanda unaposimama kwenye msongamano, thamostati imekwama ikiwa wazi. Watu wa pwani huifurahia hali hiyo, wakisema heri gari lipoe, na wengine huing'oa thamostati kwa makusudi. Ni makosa. Kompyuta ya injini hudhani kwamba injini bado ni baridi, huendelea kumwaga petroli ya ziada, na utajikuta unaweka mafuta mara nyingi zaidi huku plagi zikijaa masizi.

Ukipanda unaposimama tu na kurudi ukianza kutembea, tazama feni. Feni ya rejeta ina kasi mbili, na ile ya chini hupitia kizuizi kidogo cha umeme kinachoungua mara kwa mara. Njia ya kukijua ni kuwasha eyakondishena injini ikiwa baridi: feni inapaswa kuanza kuzunguka kwa kasi ya chini. Ikibaki kimya, na baadaye mshale ukavuka 100 ndipo feni iwake kwa kishindo, kizuizi kimeungua. Gari litatembea hivyo kwa miezi, lakini kila siku unaipika gasketi ya silinda hedi kwa moto mdogo.

Ukipanda hata barabarani kwenye mwendo mzuri, simama. Sababu inaweza kuwa pampu ya maji, rejeta iliyoziba, au maji yaliyopungua. Usifungue kifuniko cha tangi injini ikiwa moto.

Kuhusu maji yenyewe, visima vingi vya mji huu vina maji ya munyu, na maji hayo ndani ya injini ya alumini hufanya kazi ileile yanayoifanya kwenye mabomba ya nyumba zetu. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled), yale ya kuongezea kwenye betri. Ukijaza, fungua hita ya ndani ya gari hadi mwisho, jaza polepole, na utoe hewa kwa skurubu zilizowekwa kwa kazi hiyo, ukizikaza kwa mkono mwepesi kwa kuwa ni za plastiki. Hewa iliyobaki ndani humfanya mtu abadilishe thamostati nzima akidhani ni mbovu, nimefanya hivyo.

Hatua ya tano: injini inapomisi (silinda ikikosa kuwaka) au kukosa nguvu

Twin Spark ina maana kwamba kila silinda ina plagi mbili. Ziko 8, nne kubwa na nne ndogo, na lazima zote ziwe za aina iliyoandikwa na kiwanda. Duka litakwambia kwamba ndogo hazipatikani na kwamba unaweza kubadilisha kubwa tu. Subiri ndogo zifike.

Kabla ya kununua koili, toa kifuniko cha plastiki na uchungulie kwa tochi ndani ya visima vya plagi. Gasketi ya kifuniko cha kamshafti ikichoka, oili hushuka na kuzizamisha plagi, na umeme hutorokea pembeni badala ya kuruka mahali pake. Ukikuta oili, badilisha gasketi kwanza. Usipoikuta, soma misimbo ya hitilafu kwa kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye gari ili kusoma kompyuta yake. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya Fiat na Alfa, kama MultiEcuScan, itakwambia mengi kuliko kifaa cha kawaida cha gereji, na huendeshwa kwenye kompyuta ya mapajani kwa waya wake maalumu. Kisha hamisha koili inayotuhumiwa hadi silinda nyingine. Msimbo ukihama nayo, umemkamata mwizi. Ukibaki pale pale, chunguza plagi na nyaya.

Kukosa nguvu bila kumisi kuna sababu moja iliyo maarufu, nayo ni sensa ya kupimia hewa, iliyofungwa kwenye mpira mkubwa baada ya filta. Gari huwaka vizuri, hunguruma vizuri, lakini ukikanyaga kutoka mizunguko ya chini huenda kama mkokoteni uliobeba mawe ya Mayungu, na baada ya mizunguko kama 4,000 hivi huzinduka. Chomoa soketi ya sensa hiyo, uendeshe gari kidogo. Likiwa na nguvu zaidi bila sensa kuliko likiwa nayo, sensa imekufa. Usijaribu kuisafisha kwa petroli au brashi, kwa sababu sehemu yake ya kupimia ni nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Vumbi la barabara za ndani, kama zile zinazoelekea Kakoneni, huimaliza upesi ukichelewa kubadilisha filta ya hewa.

Hatua ya sita: linapozima ghafla njiani

Fuata utaratibu mmoja bila kuruka, hata kama waliokuzunguka wamekwisha kukupa majibu 10 tofauti.

Washa swichi bila kupiga stata, utazame taa ya CODE. Ikibaki inawaka, kompyuta haijautambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba, ukiwa umeutenga na funguo nyingine. Ndiyo sababu ni lazima umdai muuzaji funguo zote mbili pamoja na kadi ya CODE. Taa ikizima, tega sikio: pampu ya petroli inapaswa kuvuma kwa sekunde kama mbili. Ikiwa kimya, kabla ya kuilaumu, tafuta swichi ya usalama inayokata petroli gari linapopata mshtuko; kitabu cha gari kinaonyesha ilipo. Shimo moja kubwa barabarani linatosha kuirusha. Ibonyeze irudi. Hicho ndicho kitufe nilichokitaja mwanzoni, na kilinigharimu pampu nzima.

Ikiwa pampu inavuma, stata inazungusha, lakini injini haiwaki hadi ipoe kwa nusu saa, kisha inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, shuku sensa ya krankshafti. Joto huikata na ubaridi huiunganisha. Mwagilia sensa hiyo maji kidogo ya baridi; gari likiwaka hapo hapo, umepata jibu na pia umepata njia ya kufika nyumbani. Yangu ilinizimia mara mbili baada ya Gede, mchana wa kaskazi, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambapo kivuli kilikuwa kizuri na nyani walikuwa na subira kuliko mimi.

Hatua ya saba: milio ya chini

Mikono ya juu ya sespensheni ya mbele hulia ikikauka, na mlio wake ni ule wa kitanda cha kamba mtu akijigeuza. Kila tuta la barabara hukutangaza. Mwagia maji juu ya bushi. Mlio ukinyamaza kwa siku moja na kurudi, mkono huo ndio. Grisi ya kupaka nje husaidia kwa wiki tu, hivyo badilisha mikono yote miwili pamoja. Breki na klachi hazina maajabu, na fundi yeyote makini ataziweza. Sampu ya oili iko chini mno kwa barabara zetu, kwa hiyo usiruhusu kinga iliyo chini ya injini itupwe eti inachelewesha kubadilisha oili.

Jambo moja halitengenezeki: gari hili hugeuka kwa mduara mpana. Kwenye vichochoro vya mji wa kale utakwenda mbele na nyuma mara tatu, wazee wa barazani wakikuelekeza wote kwa pamoja. Lakini usukani wenyewe ni mizunguko 2.2 tu kutoka mwisho hadi mwisho, na ukishaizoea, gari jingine lolote utahisi unalikorogea uji.

Hatua ya nane: utaratibu wa kila wiki

Kila Ijumaa asubuhi, injini ikiwa baridi, napima oili na kulanti. Twin Spark hula oili hata ikiwa nzima, na ninaijaza kabla haijashuka chini ya nusu ya kijiti. Natumia 10W-40 na kuibadilisha kila kilomita 5,000 kwa sababu ya joto na safari fupi fupi za mjini. Kwenye buti nina mita, tochi, fyuzi, relei moja, sensa ya krankshafti ya akiba, lita moja ya oili na chupa ya maji yaliyotoneshwa.

Vipuri huviagiza viwili viwili, kimoja cha kufunga na kimoja cha kuweka, kwa kuwa nauli ya kifurushi kutoka Nairobi ni ileile. Picha ya kipuri cha zamani pamoja na namba yake humwepushia muuzaji kubahatisha, na hukuepushia kupokea kipuri cha 147, gari jingine la Alfa, kilichoandikwa kuwa cha 156.

Na nina daftari. Kila nilichokigusa kimeandikwa humo pamoja na tarehe, kilomita na kipimo cha mita kabla na baada. Jumapili iliyopita, kabla ya kumpeleka shangazi Watamu, nilipima tena waya wa athi: volti 0.08. Alikaa mbele, akafunga mkanda, na tulipopita Gede akaniuliza kwa nini nimepunguza mwendo, ilhali ule muungurumo ndio kwanza ulikuwa umeanza kuwa mzuri.